Wazoefu wa matanuru: nichukue faya briki (matofali ya kuhimili moto) za nyuzi 1,700 kwa tanuru la alumini?

MsubuSufuria: Wakuu, heshima kwenu. Nina karakana ya kusubu sufuria. Tunayeyusha alumini chakavu kwa oili chafu na blowa, uji wa alumini unakaa moja kwa moja kwenye bakuli la matofali, chungu cha kuyeyushia hatutumii. Nilijengea faya briki za kawaida, huu ni mwezi wa nne. Kuta za juu ziko salama, ila pale uso wa uji unapogusa tofali pameota vinundu vyeusi. Jana kijana kavigonga kwa patasi, patasi ikabutuka. Kipande kimoja kilibanduka, ndani cheusi kama mkaa, unene wa vidole viwili. Muuzaji anasema ninunue za nyuzi 1,700, bei karibu mara tatu. Nitoe hela?

FundiKalibu: Usitoe kwanza, mkuu. Alumini inayeyuka nyuzi 660, na faya briki ya kawaida inafika 1,300 bila shida. Joto halina kosa hapo. Anayekula tofali ni alumini yenyewe: inainyang'anya silika (madini ya mchanga yaliyomo kwenye tofali) oksijeni yake na kugeuka korundi, jiwe gumu la kutengenezea mawe ya kunolea. Ndiyo hilo lililobutua patasi yako. Na nusu ya faya briki ya kawaida, au zaidi, ni silika. Pale juu ya uji hewa nayo ipo, ndiyo maana panaota haraka. Muulize muuzaji alumina (oksidi ya alumini, ikizidi yenyewe silika inapungua) ni asilimia ngapi, na kama tofali limetiwa dawa ya kuzuia alumini isishike, kama bariamu salfeti. Hana karatasi ya vipimo? Ondoka dukani.

Tofali_Tupu: Matofali ya kuchoma ya nyumba na saruji je? Bei rahisi.

FundiKalibu: Hapana ndugu yangu. Saruji ya kawaida ikipita nyuzi 400 inaanza kuachia, mwisho unga mtupu. Hata faya briki nzuri jengea kwa udongo wake wa moto, kiungo chembamba, milimita 2 hivi.

Mama Karakana: Na zile faya briki nyepesi zinazokatika kwa msumeno ziende nyuma, kutunza joto. Mimi nilizipanga mbele, uji ukazama ndani kama maji kwenye sponji. Ukishajenga, usiwashe oili siku hiyo! Kuni kidogo kidogo, kutwa nzima, mpaka unyevu utoke. Ukuta wangu ulipasuka kwa mvuke, vijana walikuwa hatua tatu tu.

MsubuSufuria: Asanteni sana, pole mama. Nikiweka chungu cha grafiti je? Sisi tunachota kwa upawa, hakuna kunyanyua.

FundiKalibu: Basi umejibu mwenyewe. Uji hautagusa tofali, kwa hiyo faya briki za kawaida zinatosha. Kuta za juu usizivunje. Bomoa bakuli tu, na moto uzunguke chungu, usikipige sehemu moja.

MsubuSufuria: Jumamosi nabomoa. Nitaweka picha za kile cheusi.