Naomba ushauri: dola 50 ya dhahabu ya mwaka 1855

Mpwa wa Pangani (Columbus, Ohio): Ndugu zangu, kwa miaka 6 nimekuwa nikikusanya sarafu za dhahabu zilizofuliwa na kampuni binafsi za California. Sasa nimepata ya Kellogg & Co., dola 50, mwaka 1855, na muuzaji anasema dhahabu yake ilitoka kwenye SS Central America, meli iliyozama Septemba 1857 pamoja na watu zaidi ya 400. Niinunue au niiache? Anataka jibu Ijumaa, nami usingizi umenipaa.

Mama Tunu: Mwanangu, marehemu bibi aliniachia pauni ya dhahabu, nikaipeleka kwa sonara nikafuliwa kidani, na hadi leo nakivaa harusini. Ya kufungiwa kabatini inamfaa nani?

Sonara Mstaafu: Dada, hakuuliza hilo. Kijana, ipime hewani, kisha ipime ikiwa imening'inizwa kwa uzi ndani ya maji. Tofauti ya vipimo hivyo itakuonyesha kama ni dhahabu au shaba iliyopakwa rangi. Hata wakati ule watu walipunjwa: mwaka 1851 ilibainika kwamba dola 20 za Baldwin & Co. zilikuwa na dhahabu pungufu, na imani ya watu kwao ikaisha. Je, fedha ya kununulia ni yako?

Mpwa wa Pangani: Mimi ni mhazini wa upatu wa watu 12. Zamu yangu ni mwezi ujao, kwa hiyo nimetanguliza tu kilicho changu, na arubuni nimeshalipa. Huo si wizi, kwa sababu kila senti nimeiandika daftarini.

Mja wa Mola: Na zamu ya mwezi huu ni ya nani?

Mpwa wa Pangani: Ni ya mama mmoja anayesubiri kumlipia mwanawe ada.

Mja wa Mola: Amana ni amana, ndugu yangu, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Mzee wa Minada: Mimi naona kisa hiki kimetungwa. Aliyekusanya miaka 6 angejua kwamba dola 50 za Kellogg za asili ni chache mno, na kwamba mwaka 2001 zilifuliwa nyingine zenye tarehe ile ile ya 1855, kwa dhahabu ya mikuo iliyoopolewa kwenye meli hiyo. Kama sarafu ipo kweli, tuandikie maneno ya kwenye utepe, upande wa tai.

Mpwa wa Pangani: Ipo, mzee wangu. Nimeikuza picha aliyonitumia. Mng'ao wa taa umeziba sehemu ya bawa, lakini utepe unasomeka: S.S. CENTRAL AMERICA GOLD, C.H.S.

Sonara Mstaafu: Basi ni ya 2001: C.H.S. ni California Historical Society, chama cha historia cha California, na sarafu ya 1855 isingetaja dhahabu ya meli iliyozama 1857. Muuzaji alikuambia dhahabu imetoka melini, hakusema sarafu yenyewe ilikuwamo.

Mpwa wa Pangani: Nimeelewa, na nimeumia. Hata hivyo, ni dhahabu iliyolala zaidi ya miaka 130 kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000, na bado naitaka. Usiku huu namwandikia muuzaji anirudishie arubuni, na asubuhi nitampigia yule mama kabla hajaenda shuleni.