Mnapaka alumini kama mabati, ikibanduka mnasema ni jua. Karakana za rangi Nairobi, inatosha!

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nina malori madogo ya kusambaza maziwa na mikate hapa mjini, yote yana boksi ya alumini nyuma, na nimechoka kulipia rangi inayobanduka. Sizungumzii kufifia wala mikwaruzo ya matawi. Unaegemeza kiganja ubavuni mwa gari, unaondoka na kipande cha rangi cha ukubwa wa sahani, na pale kilipotoka alumini iko tupu, inang'aa utadhani haijawahi kuguswa na fundi.

Gari la mwisho lilipakwa kwenye karakana moja ya Industrial Area. Jina siliweki hapa, sababu mtaiona chini. Niliambiwa bei yake ni tofauti kwa kuwa "alumini ina kazi yake", nikalipa. Mvua za masika hazikuisha kabla kona za mlango hazijaanza kuinuka. Nilipolirudisha, mwenye karakana hakuinuka hata kwenye kiti. "Mama, jua la Nairobi ni kali." Nikamwambia gari linalala chini ya paa na linamaliza mizunguko yake kabla ya saa nne asubuhi. "Basi ni kijana wako, anaosha na sabuni mbaya." Nikamwambia sehemu iliyobanduka kwanza ni ile ya juu ambayo kijana haifikii bila ngazi. Ndipo akatoa lile jibu ambalo najua wengi wenu mmeshapewa: "Mama, ukweli ni kwamba alumini haishiki rangi. Enda popote, ni hivyo hivyo. Haya ni mambo ya mafundi."

Alumini haishiki rangi?

Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948 ikiwa na mabamba ya aloi ya alumini, kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Magari ya ukoo huo yamepiga vumbi la nchi hii miaka na miaka na rangi yake ya kijani iko mwilini. Ford F-150, pikapu inayouzwa kwa wingi kule Marekani, ilihamia bodi ya alumini kwa modeli ya 2015. Hapa huioni sana kwa kuwa usukani wake uko kushoto, lakini wenzetu huko wanaifanyisha kazi za shamba na mjengo. Na kama hayo ni ya mbali, toka hapo Industrial Area uende Wilson Airport. Zile ndege ndogo zimevikwa alumini, zinashinda juani kutwa nzima, zinapaa kwenye baridi na kurudi kwenye joto, na hakuna anayekusanya magamba ya rangi kwenye lami jioni. Kwa hiyo msituambie habari ya alumini. Tuambieni habari ya mikono yenu.

Kinachotokea ni hiki, na nimekiuliza kwa watu wanaouza rangi na kwa fundi mmoja mzee wa Kariobangi Light Industries anayeheshimu kazi yake. Ukiikwangua alumini, hewa inaivika utando mpya papo hapo. Utando huo ndio unaoikinga isiliwe kama mabati, na ndio huo huo unaoinyima rangi mahali pa kushika. Viwandani wanaiosha, wanaitoa mafuta, wanaipitisha kwenye dawa inayogeuza ule uso, ndipo praima, yaani ile rangi ya chini ya kushikisha, na rangi yenyewe vinafuata na kuokwa kwa joto kali. Karakana haina tanuri la kiwanda, sawa, sidai hilo. Lakini praima ya tindikali inayouma alumini inauzwa, praima ya epoksi inauzwa, na maelekezo yameandikwa kwenye kopo. Kwani kusoma kopo kunagharimu nini?

Nilishinda pale siku ya kwanza ya kazi, kwa hiyo sisimuliwi. Kijana alichukua grinda yenye brashi ya waya iliyotoka kusugua fremu ya chuma ya matatu, vumbi jekundu la kutu bado limeishika, akaigeuzia boksi yangu. Jameni! Alumini ni laini. Zile chembe za chuma zinaingia ndani yake na kukaa. Ikija unyevu kidogo, chuma na alumini zikiguswa na maji pamoja ni betri, na kwenye betri hiyo inayoliwa ni alumini. Unaona lengelenge dogo, unalipasua, ndani kuna unga mweupe. Huo unga ndio kutu ya alumini. Ndiyo maana fundi anayejua huwa na msasa wake, brashi yake na vitambaa vyake vya alumini peke yake, havigusi chuma kamwe, na haruhusu mtu akate chuma jirani na gari hilo.

Halafu mpangilio. Walianza kupiga msasa kabla ya kutoa mafuta, maana yake walichukua nta, dizeli na uchafu wa barabara wakaushindilia kwenye mikwaruzo. Baadaye ndipo mtu akapitisha thina kwa tambara lililokuwa limefuta injini. Gari likaachwa uani usiku kucha na manyunyu yalianguka. Kesho yake, bila kulisugua tena, likapigwa ile praima ya kijivu ya mabati. Alumini iliyosuguliwa inatakiwa ipate praima siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache. Nilisema. Nikajibiwa, "Mama, tulia, tutakutengenezea."

Sasa nawapa silaha, kwa sababu hawa watu wanatushinda kwa maneno tu. Rangi ikibanduka, usibishane. Okota gamba, ligeuze, utazame mgongo wake. Likiwa limetoka na praima yake yote, mgongo safi, na alumini chini inang'aa, basi praima haikushika kamwe. Hilo ni kosa la maandalizi na halina mjadala. Jua likiharibu rangi hutaona hivyo. Jua linaanzia juu: klia, ile rangi angavu ya mwisho, inapoteza mng'ao, inakuwa kama chaki ukipitisha kidole, inachanika na kuchubuka, lakini praima inabaki imeng'ang'ania chini. Jua letu ni kali kweli, tuko karibu na ikweta na mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, sikatai. Paa la boksi likififia nitalilaumu jua. Lakini jua halipiti rangi, halipiti praima, likaenda kuachanisha praima na bamba kwenye ubavu uliokuwa kivulini.

Lililo na uzito zaidi Nairobi ni baridi, na hilo hawalitaji. Rangi na praima za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuzikausha ziwe ngumu, zinahitaji joto ili zikomae. Asubuhi za Julai hapa ni baridi na unyevunyevu, bamba la alumini limepoa usiku kucha, umande umekaa juu yake usioonekana, na fundi anapuliza saa mbili asubuhi kwa sababu foleni ya magari ni ndefu. Kompresa nayo haina chujio la maji, au lipo limejaa, inatema matone pamoja na rangi. Kisha jioni gari linatolewa, linaingia barabarani, mbichi.

Siku hizi kabla sijalipa nadai majaribio mawili. La kwanza ni kabla ya praima: mwaga maji safi kwenye bamba lililoandaliwa. Yakitandaa yote kwa pamoja, ni safi. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo, rudia, kisha likaushwe kabisa. La pili ni baada ya rangi kukomaa, mahali pasipoonekana, kama chini ya bawaba: chora vijistari vya kukatizana kwa wembe mpaka ufike kwenye alumini, bandika selotepu, ikandamize, ivute kwa mpigo. Vile viraba vikibaki, rangi imeshika. Vikiondoka na selotepu, gari halitoki na pesa haitoki. Hili la vijistari lina kiwango chake cha kimataifa, ISO 2409, fundi asikwambie umelitunga. Na akija na kipimo cha unene cha sumaku kukuonyesha namba, mwambie arudishe mfukoni, kwa sababu sumaku haina habari na alumini. Kuna vipimo vingine vinavyosoma juu ya alumini, ndivyo alete.

Bolti nazo. Kagua boksi yako popote ilipofungwa kwa chuma: bawaba, vishikio, bamba za kuakisi mwanga za nyuma, taa za pembeni. Malengelenge huanzia hapo. Wanatoboa rangi mpya, wanapitisha bolti ya chuma kavu kavu, maji yanaingia, ile betri niliyosema inaanza kufanya kazi pale pale. Washa (ile pete ya kuweka chini ya bolti) ya plastiki na gundi ya kuziba kati ya chuma na alumini vingeokoa kona nzima, na ukingo wa tundu upakwe praima kabla bolti haijaingia. Kwa bei niliyolipa, ni washa za plastiki zilizowashinda?

Kwa upande wetu wenye magari, kuosha ni muhimu na sitaki karakana zipate kisingizio. Alumini haipendi tindikali kali wala magadi makali. Zile dawa za kung'arisha wanazopuliza kwenye vioshea magari zinatafuna kupitia kila mkwaruzo. Sabuni ya unga ya kufulia nayo ina magadi, inachosha klia na kulamba alumini penye jeraha. Tumia shampuu ya magari, maji mengi, na bomba la presha lisielekezwe kwenye ukingo wa rangi iliyochubuka. Wanaobeba magadi kutoka Magadi au saruji kutoka Athi River wasiache vumbi lilale mpaka likutane na mvua, waoshe jioni hiyo hiyo. Na kwa wanaoegesha chini ya ile miti ya makorongo marabou karibu na Nyayo Stadium, kinyesi cha wale ndege kinachoma klia kikikaukia juani, kitolewe mapema kwa maji, msikikwangue. Mkwaruzo ukifika kwenye alumini uzibwe upesi, kwa sababu kutu yake hutambaa chini ya rangi kwa vijiuzi vyembamba na utaigundua imeshafika mbali.

Nimeyafanya yote hayo. Magari yangu yanaoshwa na kijana mmoja, kwa shampuu, na namtetea hapa hadharani kwa sababu alikaribia kubebeshwa lawama isiyo yake.

NYONGEZA: Mnaouliza kwa nini nisiache alumini bila rangi, maana tupu inadumu. Ni kweli inadumu. Lakini mkataba wa kusambaza unadai rangi za mwenye bidhaa, na gari lenye mabaka halipakii. Stika kubwa nazo nimezifikiria, ila ukizibandika juu ya rangi isiyoshika, siku ya kuzing'oa zinaondoka na rangi yote. Na anayesema nirudi kwenye boksi za chuma hajapiga hesabu: alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma kwa ujazo ule ule, na kila kilo ninayopunguza kwenye bodi ni kilo ya maziwa ninayoruhusiwa kubeba.

NYONGEZA YA PILI: Sababu ya kutotaja jina ni kwamba suala hili naliandaa kwa mahakama. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inamchukulia mtoa huduma kuwa amedhamini kwamba huduma yake ina ubora unaokubalika, hata kama risiti imepigwa muhuri wa "hakuna kurudishiwa". Nimeenda Milimani kuulizia Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Magamba nimeyaweka kwenye bahasha, picha za mgongo wake ninazo, risiti ya M-Pesa ninayo, na fundi wa Kariobangi amekubali kuja kueleza alichokiona.

Ninachodai ni kazi irudiwe mpaka kwenye alumini tupu, kwa vifaa visivyogusa chuma, au pesa yangu irudi yote. Aliyepakiwa rangi boksi yake ya alumini Industrial Area mwaka huu na rangi ikatoka na praima yake, apige picha za pande zote mbili za gamba aziweke hapa chini. Na kama kuna karakana Nairobi yenye chumba cha alumini peke yake na inayokubali jaribio la selotepu mbele ya mteja, itajeni kwa jina, nina magari mengine mawili yanayosubiri.