Tupeane uzoefu: tiba kwa vitendo, tunaoisomea na mliopitia mikononi mwetu

Binti Kirumba
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi mzaliwa wa Kirumba, Mwanza, nasomea tiba kwa vitendo Moshi, mwaka wa pili. Kwa Kiingereza inaitwa occupational therapy, na neno hilo "occupation" watu wanalijua kama kazi ya ajira. Nikija likizo naulizwa, "Kwa hiyo utakuwa unawatafutia watu kazi?" Hapana. Kazi kwetu ni chochote kinachokushughulisha tangu unaamka: kupiga mswaki, kufunga kitenge, kuwasha jiko. Maradhi yakikunyang'anya hayo, tunakaa na wewe tutafute namna ya kuyarudia.

Darasani nilikariri kwamba Marekani walianzisha chama cha taaluma hii mwaka 1917, na majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza ndio walioikuza. Kilichoniingia moyoni nilikipata wodini.

Nilikabidhiwa mama mmoja muuza dagaa, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Nikampa vibanio vya nguo abane, vikombe apange. Anafanya kwa adabu tu, uso umepoa. Siku ya tatu msimamizi akaniuliza, "Umemuuliza anataka nini?" Sikuwa nimemuuliza! Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, nataka kupima dagaa mwenyewe. Mjukuu wangu anajaza mno, mtaji unakwisha."

Kesho yake nikaenda na dagaa kwenye beseni, na kopo tulilolifunga kitambaa lisiteleze. Mkono uleule uliokuwa unaangusha vibanio ukachota. Nusu ikamwagika. Akachota tena, na tena, mpaka mimi ndiye niliyemwomba apumzike. Tangu siku hiyo sianzi na mgonjwa kabla ya kumuuliza.

Nanyi tupeni yenu.

Mama Pacha, Igoma
Asante mwanangu kwa kulileta hili. Kulwa wangu ana mtindio wa ubongo. Nilikuwa namlisha amelala mapajani, kila siku anapaliwa, kifua hakiponi. Dada mmoja wa tiba hiyo akanionyesha kumkalisha wima, kichwa kiiname mbele kidogo. Kiti tulitengeneza kwa maboksi, tabaka juu ya tabaka, gundi ni uji mzito wa unga. Kilikaa juani siku kadhaa kikawa kigumu kama mbao. Sasa anakula mezani na Doto. Niliumia sana kwamba alifikisha miaka minne ndipo nikaambiwa.

Ngosha wa Kamanga
Mzee wangu naye kiharusi. Kumvisha shati ilikuwa vita asubuhi, anafoka, mama analia. Tukafundishwa: kuvaa anza na mkono uliolegea, kuvua maliza na huohuo. Basi! Wiki ya pili alikuwa anavaa mwenyewe, vifungo tu ndiyo tunamsaidia. Mzee aliyekuwa hataki wageni wamkute, sasa anakaa barazani.

Fundi Buhongwa
Mama Pacha, shikamoo. Mimi seremala, jirani yangu ana mtoto kama Kulwa. Nataka kumchongea kiti, vipimo naanzia wapi?

Binti Kirumba
Kaka, Mungu akubariki. Mkalishe kwanza, magoti yapinde vizuri. Nyuma ya goti hadi kisigino ndio urefu wa kutoka kikalio mpaka pa kuwekea miguu. Nyayo zisining'inie, zikanyage. Ila kabla hujakata mbao, mama yake ampeleke kliniki aangaliwe nyonga na mgongo. Nitumie vipimo hapahapa.