Gitaa la gemu linachelewa kwenye TV ya flati

Kijana_Nkuhungu:
Wakuu, habari za Dodoma. Nina mashine ya gemu ya PS3 ya mtumba na gitaa la plastiki la gemu la muziki la Guitar Hero, lile la vitufe vitano vya rangi na kile kipande cha kugonga badala ya nyuzi. Kwa shemeji Chang'ombe, kwenye TV ya kichogo, sikosi noti. Kwangu nina flati, kila noti nachelewa. Gitaa limekufa?

Fundi_Makole:
Gitaa zima hilo. Flati huchakata picha kabla ya kuionesha, kichogo hakina mambo hayo. Weka TV kwenye hali ya gemu, kisha rekebisha ucheleweshaji ndani ya gemu lenyewe. Na sauti usiipitishe kwenye spika ya bluetooth, utalia.

Mama_Muheme:
Mimi nimekulia kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, hivyo nina upendeleo wangu. Dramu za gemu la Rock Band (2007) zina pedi nne na pedali ya mguu. Mikono hiyo unahamia nayo kwenye dramu za kanisani. Vitufe vya gitaa lako havikufundishi kodi (chord, noti kadhaa kwa pamoja) hata moja. Ukitaka gitaa kweli, mwanangu, tafuta gemu la Rocksmith la 2011: unachomeka gitaa halisi la umeme.

Kijana_Nkuhungu:
Hali ya gemu imekubali, fundi ubarikiwe! Mama, linachomekwaje?

Mama_Muheme:
Kwa waya wake maalumu, jeki ya gitaa upande mmoja, USB upande wa pili. Kwenye PS3 waya mwingine haukubali, usije ukauziwa chochote.