MALALAMIKO: Mwizi wa kundi letu anawaibia wenzake, na mwendesha mchezo anamlinda

Wanajukwaa, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira wala sitaificha, kwa sababu jambo lililotokea kwenye meza yetu ya Dungeons & Dragons limetetewa na watu ninaowaheshimu kwa hoja moja tu inayorudiwarudiwa, kwamba mhusika yule ni mwizi na kazi ya mwizi ni kuiba. Naikataa hoja hiyo. Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa kusimulia hadithi mezani: kila mchezaji anaendesha mhusika mmoja, dadu huamua kama jambo limefaulu, na mwendesha mchezo ndiye msimulizi na msimamizi wa sheria.

Tunacheza toleo la tano, kwa sheria za 2014, na wahusika wetu wamefika ngazi ya tano. Tukiwa kambini, tumeketi motoni na kila mmoja anapanga safari ya kesho, mchezaji anayemwendesha mwizi alimtumia mwendesha mchezo ujumbe wa siri kwa simu kwamba mhusika wake anaingiza mkono katika mkoba wa kasisi na kutoa chupa mbili za dawa ya kuponya. Dadu ikarushwa mahali tusipoona, ikakubali, na hakuna aliyetuambia lolote. Tulipofika mjini chupa zikauzwa, na dawa ile kwa bei ya kitabu ni sarafu 50 za dhahabu kila moja.

Baadaye tukakutana na zimwi, likampiga mpiganaji wetu mpaka pointi zake za uhai zikafika sifuri. Aliyefika hapo hurusha dadu ya pande 20 kila zamu yake inapofika. Akipata 10 au zaidi amefaulu zamu hiyo, akipata pungufu ni kosa, na makosa matatu ni kifo. Mpiganaji alikuwa na kosa moja. Dada anayemwendesha kasisi, ambaye ndiyo kwanza anajifunza mchezo, alikuwa amekwisha kutumia miujiza yake yote ya siku hiyo, lakini hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa alijua anazo zile chupa, na akasema anatoa moja mkobani ammiminie mwenzake kinywani. Mwendesha mchezo akamjibu kwamba mkoba ni mtupu, na kwamba zamu yake imeishia katika kutafuta. Zimwi likampiga aliyelala chini, na pigo la karibu kwa mtu aliyezimia huhesabiwa kuwa makosa mawili. Mpiganaji akafa papo hapo.

Mwenye mwizi alikuwa ameketi palepale, anajua chupa zilikokwenda, na hakufungua kinywa. Dada yule akawaomba radhi watu wote mezani, akidhani kwamba hakuhesabu vitu vyake sawasawa. Kwa siku kadhaa alibeba lawama isiyo yake, na watu wawili waliojua ukweli, mmoja wao akiwa ndiye msimamizi wa mchezo, walimwacha aibebe. Siri ilitoka pale mwenye mwizi alipoanza kujisifu. Dada hajarudi mezani tangu hapo, na sioni kwa nini arudi.

Nimeambiwa kwamba dadu iliamua, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Hebu tuihesabu hiyo dadu. Mwizi wetu wa ngazi ya tano, juu ya namba ya dadu ya pande 20, ana nyongeza ya 4 kwa wepesi wake na 6 kwa ubingwa wa mikono, jumla 10. Kasisi wetu, ambaye hakupewa hata nafasi ya kurusha dadu yake, aliwekwa kwenye kipimo cha uangalifu wa kawaida, ambacho kwake ni 13. Maana yake ni kwamba, ili afikie 13, mwizi alihitaji dadu itoe 3 au zaidi tu, na angefaulu mara 18 katika kila mara 20. Mwendesha mchezo alizijua namba hizo kabla hajaruhusu dadu irushwe, na ni yeye aliyechagua kwamba jambo hili liamuliwe kwa njia hiyo badala ya kusema hapana. Refa anayeona mchezaji akimkanyaga mwenzake wa timu ileile na kuacha mpira uendelee hawezi kudai baadaye kwamba matokeo yameamuliwa na uwanja.

Wengine wameniletea historia, nami naikubali historia. Mchezo huu ulipochapishwa 1974, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, haukuwa na mwizi. Ulikuwa na mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa 1975, kutokana na wazo lililoanzia kwa wachezaji wa California, na alipewa kazi ambazo mapango yenyewe yalizidai, yaani kufungua kufuli, kutegua mitego, kunyata, kujificha kivulini, kupanda kuta, na ndiyo, kuchomoa vitu mifukoni. Lakini tazameni uwiano. Katika sheria za 1978 mwizi wa ngazi ya kwanza ana asilimia 85 ya kupanda ukuta na asilimia 30 tu ya kuchomoa mfukoni, na akikosa kwa 21 au zaidi anayeibiwa hutambua. Zaidi ya hapo, katika sheria hizo za zamani sarafu ya dhahabu iliyotolewa salama pangoni ilileta pointi ya uzoefu, hivyo aliyeficha ngawira aliwapunguzia wenzake hata kasi ya kupanda ngazi. Ugomvi wa mwizi ndani ya kundi ni wa zamani kama mwizi mwenyewe, na uzee wake hauufanyi kuwa halali.

Hoja inayonichoma zaidi ni ile ya kusema kwamba ndivyo mhusika alivyo, hawezi kutenda vingine. Mhusika hajizai. Aliandikwa na mtu, na mtu huyo anaweza kuandika leo hii kwamba mwizi wake huwaibia madiwani, wafanyabiashara wa watumwa na mahekalu ya miungu waovu, lakini haugusi mkoba wa anayemfunga majeraha. Hata jambazi wa kweli hujua kwamba akimwibia anayelinda mgongo wake, safari inayofuata ataifanya peke yake.

Wapo pia walioshauri kwamba kasisi alipize kisasi ndani ya mchezo, au mwendesha mchezo alete askari wa mji wamkamate mwizi. Askari ni sawa kabisa akiiba sokoni, kwa maana hayo ni matokeo ya hadithi. Lakini kilichoharibika hapa ni uaminifu kati ya watu watano wanaotoa jioni zao na nauli zao kuja kuketi pamoja, na hakuna askari wa kubuni anayeweza kuurudisha. Kisasi nacho kitatuletea maiti ya pili, na meza itavunjika.

Ninachokidai nimekwisha kumwandikia mwendesha mchezo, na ninakiweka hapa ili wenye uzoefu wanisahihishe. Mchezaji asimfanyie mhusika wa mwenzake jambo lolote la madhara bila idhini ya mwenye mhusika, na idhini hiyo iombwe kwa sauti, mezani, kabla dadu haijaguswa. Ujumbe wa siri wa simu ukome. Kifo cha mpiganaji kifutwe, pambano lirudiwe kutoka pale mkoba ulipofunguliwa, chupa zikiwamo. Na wale wawili waende wenyewe kwa dada yule wamwombe radhi, si kwa kupitia kwangu wala kwa kupitia kundi la WhatsApp.

Jibu nililopata mpaka sasa ni kwamba ninaukuza mchezo kupita kiasi. Basi nimemjulisha kwamba sitaketi kwenye meza hiyo mpaka hayo yatekelezwe, na kwamba nafasi yangu anaweza kumpa mtu mwingine, ila amwambie mapema huyo mtu kwamba vitu vyake havitakuwa salama.