Zimwi la kuvaa, la mkononi au la kompyuta: watoto wanaliamini lipi?

MpwaniBaga
Wadau, kuna tamthilia ya watoto wa miaka 7 hadi 11, inapigwa Bagamoyo: ufukweni, kwenye mikoko na vichochoro vya Mji Mkongwe. Zimwi linatoka baharini maji yanapokupwa. Mfuko mwembamba. Njia ni tatu: mtu avae vazi la sponji, kikaragosi cha mkononi, au lichorwe kwa kompyuta. Kipande cha kwanza kitajaribiwa darasani. Ipi itawashika, na nitajuaje kwamba imewashika?

FundiSponji
Mkuu, kompyuta iondoe mapema. Kuchora zimwi si tatizo, tatizo ni kulikanyagisha mchangani. Halina kivuli, haliachi nyayo, maji hayaruki. Mtoto hatakueleza kasoro iko wapi, atacheka tu. Na kitambaa cha kijani, kile ambacho kompyuta hukifuta ili kuweka picha nyingine, kwenye mikoko ni kujitafutia kazi: jani lolote likipita mbele yake linafutika nalo, upepo unakikunja, na mwigizaji akisimama chini ya mita 2 kutoka kwacho anapata ukijani mabegani.

Tengeneza vazi. Sponji ya godoro, inchi 2 mwilini, inchi 1 kichwani. Paka gundi ya mafundi viatu pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubane. Ukibana ikiwa mbichi, mishono inaachia jasho likiingia. Rangi ya mafuta hupasuka kwenye viungo. Changanya rangi ya maji na gundi nyeupe ya mbao, tabaka nyembamba mbili au tatu. Macho: mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu, juu yake vanishi ya maji. Rangi ya kucha usiguse, kiyeyushi chake hula plastiki ile. Jicho lisipong'aa, mtoto anaona mdoli. Kwa joto la pwani, mvaaji asipitishe dakika 15 bila kuvuliwa kichwa.

Ngamiani_Tanga
Fundi, vazi sawa kwa mbali, lakini uso wa sponji hauongei. Kikaragosi kinafumba na kufumbua mdomo, kwa hiyo picha za karibu kipe chenyewe. Sharti kipakwe kutoka kopo lilelile la rangi na kamera ikae chini ya kidevu chake, la sivyo zimwi litaonekana limesinyaa ghafla. Watoto husamehe mshono unaoonekana. Zimwi linalobadilika ukubwa hawalisamehi.

DadaMaiki
Mnabishania sura wakati sauti ndiyo inayowapoteza watazamaji. Daleki, zimwi la chuma katika tamthilia ya Doctor Who ya BBC, 1963, alikuwa na kizibulio cha sinki badala ya mkono, na watoto wa Uingereza walimwogopa. Kazi kubwa ilifanywa na ile sauti iliyopitishwa kwenye mitambo.

Ufukweni, iwe kaskazi au kusi, maiki ya kamera itabeba upepo mtupu. Tumia maiki ndogo ya kifuani, chini ya nguo, yenye manyoya. Kila eneo rekodi ukimya wa nusu dakika wa kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Sauti ya zimwi irekodiwe chumba kidogo chenye magodoro ukutani, ipunguzwe kasi kama asilimia 15, kisha chini yake weka makombe yanayosuguana kwenye ndoo ya maji.

MwalimuTu
Kuhusu kupima: usiulize "mmeipenda?" Wataitika "ndiyooo" kama wanavyoitikia salamu ya asubuhi. Kaa na watoto 8 au 10, si darasa zima. Kwa ruhusa ya wazazi, weka simu kando ya skrini ikiwatazama wao, halafu linganisha na kipande, dakika kwa dakika. Kicheko cha hofu humtazama jirani kisha hurudi kwenye skrini. Kicheko cha dharau hakirudi, kinaanzisha soga. Kesho yake waambie wasimulie. Wanachoruka wote ndicho cha kukata. Kisha uliza: zimwi linaweza nini, haliwezi nini? Wakijibu tofauti, kasoro iko kwenye hadithi, wala usimguse fundi.

Ngamiani_Tanga
Zimwi lako linatoka maji yanapokupwa, na hapo ndipo maji yatakapokuumbua, mkuu. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukipiga tukio moja siku mbili, saa ileile, bahari itakuwa pengine kabisa, na mtoto wa pwani atakukamata kabla ya mhariri. Fuata jedwali la maji, si saa. Bamvua, siku maji yanapokupwa mbali sana, hukupa ufukwe mpana. Maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, hayatoshi kwa zimwi kutokea mbali.

Na Kaole usilipeleke. Pale ni msikiti na makaburi, wazazi watazima runinga, kibali cha Bodi ya Filamu hakitakusaidia.

MpwaniBaga
Kaole imefutwa. Basi vazi kwa mbali, kikaragosi kwa uso. Vazi likishalowa maji ya chumvi?

FundiSponji
Lisuuze kwa maji baridi siku hiyohiyo. Chumvi ikibaki, sponji haikauki, kila asubuhi inavuta unyevu upya. Libonyeze, usilikamue kwa kulisokota. Lianike kivulini, juani gundi italegea. Na shona vidole vya akiba, maana hivyo ndivyo hutangulia kung'oka.