Bomba la Hoima likiishia Tanga, tudai kiwanda cha kusafisha mafuta au tudai kingine?

Mwana Pongwe

Wakuu, salaam.

Sisi wa Tanga tumekulia kwenye sifa ya mji wa viwanda. Sifa hiyo sasa ni kama kanga kuukuu: maandishi bado yanasomeka, rangi imekwisha. Kijiweni kwetu hoja ni moja siku hizi. Bomba la mafuta ghafi, EACOP, linaishia hapa Chongoleani, basi serikali idai kiwanda cha kusafisha mafuta kijengwe hapahapa na mji urudie enzi zake. Nimekataa, nikaitwa msaliti. Nimeileta kwenu tupigane kwa hoja.

Mafuta yanatoka Kabaale, wilaya ya Hoima, Uganda, na njia yake ni kilomita 1,443. Kati ya hizo, 1,147 ziko kwenye ardhi yetu. Yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli, ndiyo maana bomba zima linapashwa joto hadi karibu nyuzi 50. Yakifika pwani yanaingia matankini, kisha melini, kwaheri. Ada ya kupitisha ni dola 12.77 kwa pipa. Wakipitisha mapipa 216,000 kwa siku, ada hiyo inafika karibu dola milioni 2.76 kila siku. Nambari tamu sana, ila si yetu. TotalEnergies wana asilimia 62 ya bomba, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC yetu 15, CNOOC ya China 8, na waliokopesha wanachukua chao kwanza. Sisi ni kama mwenye ukumbi wa harusi: analipwa, anashukuru, lakini bwana harusi si yeye.

Sasa hicho kiwanda cha kusafisha. Ukanda huu tumeshavijenga: Changamwe, Mombasa, 1963. TIPER pale Kigamboni, 1966. Indeni kule Ndola, Zambia, 1973, kikilishwa na bomba la TAZAMA kutoka Dar. Vyote vitatu leo vimebaki kuhifadhi na kupitisha mafuta yaliyosafishwa kwingine. Hata TAZAMA lenyewe, lililochimbiwa kupeleka mafuta ghafi, tangu 2023 linasukuma dizeli. Tunataka wa nne azikwe Tanga?

Kinachoniuma ni kingine. Mabomba yenyewe yametoka China kwa meli, yamevalishwa koti la kuzuia joto lisipotee pale Sojo, Nzega, kisha yakafukiwa. Nchi ina chuma Liganga na makaa ya mawe Mchuchuma, vyote Ludewa, na vyote vimelala. Gesi ya Songosongo iligunduliwa 1974 ikafika Dar 2004, miaka 30 baadaye! Mimi nasema tuachane na ndoto ya petroli, tudai chuma na mbolea kwa gesi yetu wenyewe. Nipingeni.

Kaka wa Changamwe

Yakhe, maiti umezitaja lakini hukusema zilikufa kwa nini.

Cha kwetu hakikufa kwa sababu kusafisha mafuta ni kazi mbaya. Kilikufa uzee. Mitambo ilikuwa ya kizamani: ukitia mafuta ghafi unapata mafuta mazito mengi na petroli kidogo, wakati sokoni watu wanataka petroli na dizeli. Wauzaji walilazimishwa kusafishia pale sehemu ya mafuta yao, wakawa wanalalamika kila mwaka kwamba ya kuagiza ni nafuu. Essar ya India ikachukua nusu ya hisa 2009, ikaahidi kukifanya kipya, 2013 mitambo ikazimwa. Na mafuta ghafi yenyewe yalikuwa ya watu, yanatoka Ghuba kwa meli.

Hapo ndipo hoja yako inapovuja. Safari hii mafuta ni ya Afrika Mashariki, na yanakuja mlangoni kwako kwa bomba. Sisi tuna mafuta Lokichar, Turkana, yaliyogunduliwa 2012. Mwaka 2019 tukauza shehena ya kwanza ya majaribio, mapipa 200,000 yaliyoteremshwa pwani kwa malori. Bendera zilipeperushwa, picha zikapigwa, kisha kimya. Nisingependa na nyinyi muishie kupunga mkono bandarini.

Dada wa Sheli

Mimi nauza mafuta, sheli mbili, barabara ya Segera. Niwaambie la mlangoni: kusafishiwa jirani hakushushi bei. Mwenye kiwanda anauza kwa bei ya dunia kwa sababu akitaka anaweza kupakia melini. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatoa bei kikomo, na mle ndani kuna bei ya soko la nje, kuna dola, kuna kodi na tozo. Kiwanda kinapunguza nauli ya meli tu, na nauli si mzigo mkubwa ukiwa pwani.

Najua mtaileta Nigeria kwa mfano, basi tuimalize. Mafuta wanayo tangu Oloibiri, 1956. Viwanda vya serikali vya Port Harcourt, Warri na Kaduna vilichechemea miaka na miaka, nchi ikawa inauza ghafi na kununua petroli. Viwanda vya nguo vya Kaduna vilivyoajiri watu kwa maelfu vikafungwa. Mafuta ndiyo karibu yote wanayouza nje, lakini kwenye pato la taifa hayafiki hata moja ya kumi! Maana yake wengi wa Wanigeria wanaishi kwa kazi nyingine kabisa, huku dola za kuendesha kazi hizo zikitegemea kisima. Bei ya pipa ikikohoa, naira inalazwa. Kisha Dangote akajenga kiwanda cha mapipa 650,000 kwa siku, petroli ikaanza kutoka Septemba 2024. Na bado alilazimika kununua mafuta ghafi kutoka Marekani, kwa sababu ya nyumbani hayakumtosha. Huyo ni mtu mwenye kisima uani.

Mtwara Kwetu

Mnazungumzia gesi kama haina wenyewe. Mwaka 2013 tulisema gesi haitoki mpaka tuone viwanda. Damu ilimwagika. Bomba la gesi yetu likafika Dar 2015. Sisi tumepata kiwanda cha saruji cha Dangote, tunashukuru, na ahadi ya kiwanda cha LNG, yaani gesi iliyogeuzwa kimiminika, cha Lindi ambayo watoto wetu wataisimulia. Endeleeni.

Mjukuu wa Pemba, Muscat

Shikamooni wakubwa. Naandika kutoka Oman, babu yangu alihamia huku miaka mingi nyuma.

Wenzetu huku walianza kuuza mafuta nje 1967. Kwa miaka mingi ilikuwa ghafi tu. Kilichobadilika ni pale walipoanza kuitazama gesi kama moto wa kupikia vitu, badala ya bidhaa ya kupeleka sokoni tu. Nendeni Sohar mkaone. Bandari ilianza kazi 2004. Kiwanda cha alumini kikaanza kuyeyusha 2008 kwa umeme wa gesi, na malighafi yake yote inaagizwa. Kampuni ya madini ya Vale wanaleta chuma ghafi kutoka Brazil, nasema Brazil, wanakipika kuwa vidonge hapa Sohar na kuviuza. Kule Sur kuna mbolea ya urea tangu 2005, na India ndiyo mteja mkubwa.

Yaani hawa wanavusha mawe bahari mbili ili yakutane na gesi. Nyinyi mawe na gesi viko nchi moja, na havijakutana.

Ila nisiwapake rangi. Sehemu kubwa ya mapato ya serikali huku bado ni mafuta na gesi. Bei ilipoanguka 2014 bajeti iliumia, na Aprili 2021 ikaja VAT ya asilimia 5, jambo ambalo halikuwahi kuwepo. Na mikono ya viwandani mingi ni ya Wahindi, Wabangladeshi na Wapakistani. Kiwanda kinaweza kusimama kwenu na kazi ikawa ya wageni. Hilo mlijadili mapema.

Fundi Nyundo

Nimechekea chini chini hapo penye chuma. Mwana Pongwe, mkuu, hata Liganga ingefunguliwa miaka kumi iliyopita, bomba lile lisingetoka pale. Bomba la inchi 24 la presha linatokana na bamba la chuma maalumu sana, si chuma cha nondo. Viwanda vyetu vingi vya nondo vinayeyusha skrepa, au vinaagiza chuma cha nusu njia na kukikunja upya. Na chuma cha Liganga kimechanganyika na titani na vanadi. Tanuru la kawaida linasumbuka nacho. Madini hayo yana thamani kubwa ukijua kuyatenganisha, yakikushinda ni uchafu. Mkataba na Wachina wa Sichuan Hongda ulisainiwa 2011, mivutano ikawa mingi kuliko mawe yaliyotoka.

Lakini hoja yako ya msingi nakubaliana nayo kwa sababu nyingine. Nilichomelea kwenye mradi wa bomba, kwa mkandarasi mmoja, jina nabaki nalo. Kila kiungo kinapigwa eksirei. Ukikosea milimita, unakata, unaanza upya, na ukirudia kosa unarudishwa darasani. Nilijifunza mengi kuliko miaka yangu yote ya gereji. Mkataba ulipoisha nikapewa cheti. Leo nachomelea mageti na grili za madirisha, na cheti kiko kwenye bahasha juu ya kabati.

Mwana wa Hoima

Ndugu zetu wa Tanzania, naomba niseme kidogo, Kiswahili changu mnisamehe.

Nyinyi mna bahari. Sisi kila lita ya petroli inapanda kutoka Mombasa au Dar kwa lori na bomba, na barabara ikifungwa, kama Kenya mwaka 2008 baada ya uchaguzi, Kampala inasimama. Ile nauli ambayo Dada wa Sheli anasema si kitu, kwetu ni kitu kikubwa. Ndiyo maana tunataka kiwanda Kabaale, cha mapipa 60,000 kwa siku, na Machi 2025 tulisaini na Alpha MBM wa Emirates, wao asilimia 60 ya hisa, sisi 40. Kidogo, kwa ajili ya soko letu, Rwanda na mashariki ya Kongo. Tutapata na gesi ya kupikia, maana misitu yetu inaishia kwenye mkaa.

Kwa hiyo kiwanda Hoima kina sababu. Kiwanda cha pili Tanga kitakula nini?

Mwana Pongwe

Mwana wa Hoima, hukuhitaji kuomba radhi, hilo swali la mwisho nimelitafuta wiki nzima kijiweni.

Kaka wa Changamwe, nimekuelewa: uzee uliua, na mafuta ya kukopa. Ila mafuta ya Uganda yakifika Tanga yana wenyewe, na sisi tutayanunua kwa bei ileile atakayolipa mnunuzi mwingine yeyote. Hapo nabaki na msimamo wangu. Kwenye chuma nimepigwa, nakubali. Nilidhani Liganga ni suala la utashi tu.

Mbolea siiachi. Na sisemi ile ya zamani ya hapa Tanga, iliyoanza miaka ya 1970 kwa malighafi za kuagiza, dola ilipoadimika ikafa. Nasema urea, inayotengenezwa kwa gesi. Gesi yetu kwa miaka mingi imechomwa zaidi kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo na Kinyerezi. Sasa bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, megawati 2,115. Gesi inayopumzishwa pale iende wapi? Mpango wa mbolea Kilwa ulikuwepo, na wawekezaji walishatajwa. Mtaniambia visima vya Songosongo na Mnazi Bay ni vidogo, na sehemu kubwa ya gesi ya nchi, zile futi za ujazo trilioni 57, iko bahari kuu ikisubiri LNG. Sawa. Kiwanda kimoja cha urea hakihitaji bahari kuu.

Mtwara Kwetu, kikijengwa kijengwe kwenu, wala si Tanga. Nitaitwa msaliti mara ya pili.

Fundi, nina swali. Kwenye kikosi chako cha kuchomelea mlikuwa wangapi, na wako wapi?

Fundi Nyundo

Tulikuwa kumi na mmoja. Wawili wamevuka Msumbiji, wanasikilizia miradi ya gesi. Mmoja yuko Uganda. Mmoja amenunua bajaji. Wengine tuko kwenye mageti. Jana nimempigia mmoja yuko Handeni, ananiambia amesahau hata namba ya waya aliyokuwa anatumia.